Joto chini, baridi juu: sili-tembo wanavyopima Bahari ya Kusini

Aliyewahi kushusha kipimajoto Ziwa Kivu, iwe upande wa Goma au wa Bukavu, anajua jambo linalowashangaza wageni: ukishuka sana, maji yanazidi kuwa ya moto. Juu ni nyuzi 23 au 24 hivi. Karibu na mita 80 yanapoa kidogo, halafu joto linaanza kupanda taratibu mpaka karibu nyuzi 26 huko chini kabisa, mita 485. Kwa kawaida maji ya moto ni mepesi, yangepaswa kupanda. Hayapandi kwa sababu yamebeba chumvi za madini na kaboni dioksidi, gesi ile ile ambayo ikitoka ardhini watu wa Goma wanaiita mazuku. Uzito huo ndio unaoyashikilia chini.

Bahari inayozunguka Antaktika imepangika kwa namna hiyo hiyo. Majira ya baridi tabaka la juu hufika nyuzi -1.8, yaani limebakiza kidogo sana ligande, huku mita 300 au 500 chini yake kuna maji ya nyuzi 1 na zaidi. Hayo ya chini yana chumvi zaidi: juu ni kama 34 kwa kipimo cha wanasayansi wa bahari (karibu gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji), chini ni kama 34.7. Tofauti hiyo ya nukta saba tu (0.7) inatosha kuyazuia yasipande. Yakipata njia ya kupenya hadi pwani, yanaila barafu ya bara kutoka chini. Na wanyama wengi wa huko, kuanzia krili (viumbe vidogo jamii ya kamba) mpaka nyangumi, wanatafuta chakula kwa kufuata mipaka ya matabaka hayo. Kwa hiyo anayechunguza sili au pengwini anajikuta kwanza anauliza swali la mtu wa Kivu: tabaka la moto linaanza mita ya ngapi?

Chombo cha kulijibu ni kimoja, Kivu au Antaktika. Kinaitwa CTD, na kinapima shinikizo, joto, na jinsi maji yanavyopitisha umeme. Shinikizo linakupa kina, upitishaji wa umeme unakupa chumvi. Ziwani unakifunga kwenye kamba, unakishusha kutoka kwenye mashua, unakipandisha, umemaliza. Kusini, kati ya Mei na Oktoba, kuna giza, dhoruba, na barafu inayofunika mamilioni ya kilomita za mraba. Wabelgiji waliionja mapema. Meli yao Belgica iliondoka Antwerp Agosti 1897 chini ya Adrien de Gerlache, ikanaswa na barafu mwanzoni mwa 1898, haikutoka mpaka Machi 1899. Mabaharia walikula nyama ya pengwini na sili ili kupona kiseyeye. Na meli iliyonaswa haichagui pa kupima, inapima pale barafu inapoipeleka.

Ndiyo maana kazi hii leo wamepewa sili-tembo, mamalia wakubwa wa baharini wanaobandikwa CTD ndogo kichwani.

Jike mzima wa sili-tembo wa kusini ana kilo 400 hadi 900 kutegemea msimu, dume anaweza kupita tani 3. Anakaa baharini karibu miezi kumi ya mwaka. Mbizi yake ya kawaida ni mita 400 hadi 600, dakika 20 hadi 30, kisha anapumzika juu dakika mbili au tatu na kushuka tena, mchana na usiku, wiki baada ya wiki. Yaani kina chote cha Kivu kwake ni mbizi ya kila siku, na waliopimwa wakishuka zaidi wamepita mita 2,000. Na mara nyingi yuko pale ambapo meli hazifiki kwa urahisi.

Nchi kavu anakuja mara mbili tu. Septemba hadi Novemba ni kuzaa na kupandana. Kati ya Desemba na Machi ni kubadili manyoya, na hapo ngozi ya juu inabanduka vipande vipande pamoja na nywele zake. Kalenda hiyo inaamua kila kitu. Kifaa kinabandikwa kwenye nywele, wala si kwenye ngozi, kwa hiyo ukikibandika kabla nywele za zamani hazijaisha kitaanguka mchangani siku chache baadaye. Ukingoja nywele mpya, fupi na za kung'aa, zimeota zote, una safari ya miezi saba au minane mbele yako, majira yote ya baridi. Betri ya lithiamu hupangwa idumu muda huo huo. Mwaka unaofuata nywele zikibanduka tena, mnyama anaachana na kifaa bila mtu kumgusa.

Visiwa vya Kerguelen, kwenye latitudo ya 49 kusini, ni mojawapo ya vituo vikubwa vya kazi hii. Ni eneo la Ufaransa, na meli ya huduma, Marion Dufresne, huondokea Réunion. Vifaa vingi vilivyotumika hutoka kwa kitengo cha utafiti wa mamalia wa baharini cha Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti.

Sasa tuje ufukweni, maana hapa ndipo mradi unapofaulu au kufa.

Mnachagua jike aliyelala peke yake, mbali na maji na mbali na wenzake. Mnamkaribia kutoka upande wa bahari, si upande wa nchi kavu, kwa sababu sili aliyeshtuka hukimbilia majini, na sili mwenye dawa ya usingizi mwilini akifika majini anazama. Wa kwanza anamvika mfuko wa turubai kichwani, wenye tundu la kupumulia. Akishaacha kuona, mara nyingi anatulia kwa muda mfupi. Hapo mwenye sindano anatafuta mshipa mkubwa wa damu unaopita juu ya uti wa mgongo, sehemu ya kiunoni. Sindano ni ndefu, sentimita 9 hivi, kwa sababu lazima ipite tabaka la mafuta. Dawa ni mchanganyiko wa tiletamini na zolazepamu, nusu miligramu hadi miligramu moja kwa kila kilo ya uzito. Jike wa kilo 400 anahitaji kati ya miligramu 200 na 400, na kwa chupa ya miligramu 100 kwa mililita hiyo ni mililita 2 hadi 4 tu. Ikiingia mshipani analala ndani ya dakika moja hivi. Ikiingia kwenye mafuta haifanyi kazi kwa wakati, mtu anaongeza dozi, na baadaye zote mbili zinafika damuni pamoja. Huko ndiko ajali nyingi zinakoanzia.

Hatari nyingine ni pumzi. Mwili wa mnyama huyu umezoea kukaa bila kupumua, na dawa inaweza kuuamsha mwitikio huo huo: pua zinafunga, moyo unapunguza mapigo, na kwa dakika kadhaa hapumui kabisa. Mtu mgeni anaogopa mapema mno, mtu aliyezoea anaweza kuchelewa. Kwa hiyo mmoja wa timu hana kazi nyingine ila kuhesabu pumzi na kuandika saa. Pembeni kuna bomba la kupitishia hewa na dawa ya kuchochea upumuaji. Jua nalo lina hatari yake, hata pale hewa ikiwa nyuzi 8: mnyama mwenye mafuta mengi, akilala usingizi juu ya mchanga mweusi, anapata joto la kupita kiasi. Mnalowesha mapezi na kufunika macho.

Wakati huo huo gundi inasubiri. Ni epoksi ya sehemu mbili inayokauka haraka. Nywele za utosini zinakaushwa kwa taulo, zinafutwa kwa asetoni ili mafuta yatoke, zinaachwa zikauke tena. Kitako cha kifaa kimeshakwaruzwa kwa msasa. Gundi inapakwa tabaka jembamba na kusukumwa mpaka kwenye mashina ya nywele, kisha kifaa kinakandamizwa na kushikiliwa bila kutikisika. Kwenye baridi epoksi inachelewa kushika, ndiyo maana mirija yake inabebwa ndani ya koti, kifuani. Kosa la kupaka nyingi kwa mpigo mmoja ni baya kuliko la kupaka kidogo: epoksi ikishika hutoa joto, na bonge lake linaweza kuunguza ngozi iliyo chini. Mvua ikinyesha, acheni. Gundi iliyoshika juu ya nywele zenye maji haitabeba kifaa majira yote ya baridi.

Kuna vitu vitatu vinavyosahaulika na wenye haraka. Antena iinamie mbele kuelekea pua, ili sili akitoa kichwa kupumua isimame juu ya maji. Kihisio cha chumvi kisiwe na tone la gundi. Na zile ncha mbili za chuma zinazotambua kama kifaa kimelowa au kimekauka ziachwe wazi kabisa, kwa sababu zikizibwa kifaa hakijui kamwe kama kimefika juu, na hakitatuma chochote. Kabla ya kumwacha mnyama, mnasikiliza kwa kipokezi cha mkononi kama kifaa kinatoa mlio. Halafu mnakaa mbali mpaka ainue kichwa mwenyewe. Kazi yote, kama imekwenda vizuri, haimalizi nusu saa.

Baharini kifaa kinapima wakati sili anapanda, si anaposhuka, na katika kila kipindi cha saa sita kinachagua mbizi iliyokwenda chini zaidi. Kwa hiyo kwa siku unapata vipimo viwili, vitatu au vinne vya wima. Si vyote vinafika. Ujumbe mmoja wa mfumo wa setilaiti wa Argos hauzidi baiti 32, na sili yuko juu dakika mbili tatu tu. Programu iliyo ndani ya kifaa inachukua mamia ya vipimo na kubakiza vina kama ishirini ambapo mstari unapinda zaidi, kisha inarudia kutuma mpaka ipate setilaiti. Jiografia hapa inawasaidia watu wa kusini. Setilaiti hizo zinapita juu ya ncha mbili za dunia katika kila mzunguko, hivyo zikiwa mbili tu, kituo cha nchani kinaziona mara 28 hivi kwa siku, na kituo cha ikweta, kwa mfano Goma, mara 6 au 7. Kifaa hicho hicho juu ya kiboko wa Rutshuru kingekosa nafasi nyingi.

Halafu inakuja sehemu isiyopigwa picha: kusafisha vipimo. Kihisio cha chumvi kinasumbuliwa na vitu vilivyo jirani yake, na kichwa cha sili ni kimojawapo. Maabara ilipokipima kilikuwa majini peke yake, sasa kimelalia fuvu. Ndiyo sababu vifaa vinashushwa kwanza pamoja na CTD kubwa ya meli ili kulinganishwa, na baada ya safari vinasahihishwa tena kwa kutumia maji ya kina ambayo chumvi yake inajulikana na haibadiliki sana. Kifaa kinachosema 34.9 mahali ambapo miaka yote ni 34.7 kinadanganya, na unaondoa nukta mbili (0.2) kwenye safari nzima. Baada ya usahihisho kosa la joto hubaki karibu nyuzi 0.03 na la chumvi kati ya 0.03 na 0.05. Ukikumbuka kwamba tofauti nzima ya matabaka ni nukta saba, utaona kwa nini data mbichi haifai kuchorwa na kusambazwa. Wapo wanaofanya hivyo, na michoro yao ni mizuri sana, tatizo lake ni kwamba si kweli.

Mavuno yake yamekuwa makubwa. Mwaka 2013 Kay Ohshima na wenzake walionyesha kwamba karibu na Cape Darnley, Antaktika ya Mashariki, barafu inapotengenezwa kwa wingi chumvi inayobaki nyuma inayafanya maji kuwa mazito kiasi cha kuteremka mpaka sakafu ya bahari. Kilikuwa chanzo cha nne kujulikana cha maji hayo mazito ya chini. Vipimo vya sili-tembo vilikuwa sehemu ya ushahidi, vikiongezea vile vya mitambo iliyotiwa nanga.

Sili hapimi bahari tu, anajipima na yeye mwenyewe. Baadhi ya mbizi zake ni za kupumzika: anaacha kuogelea na kujiachia. Mafuta ni mepesi kuliko maji, nyama ni nzito. Jike aliyetoka ufukweni amekonda anazama haraka. Kadiri anavyonenepa kasi ya kuzama inapungua, na wengine hufika hatua ya kuelea kwenda juu. Ukiichora kasi hiyo wiki kwa wiki unapata rejista ya unene wake, na ukiweka juu yake ramani ya safari unajua maji gani yalimlisha. Martin Biuw na wenzake walifanya hivyo mwaka 2007 kwa sili wa visiwa mbalimbali. Kwa majike wengi wa Kerguelen chakula kikuu ni samaki wadogo wenye vitoa-mwanga mwilini, ambao mchana hukaa chini na usiku hupanda. Sili naye usiku hashuki chini sana. Mvuvi wa sambaza (dagaa wa Kivu) anayewasha taa saa mbili za usiku hahitaji kuelezwa zaidi.

Krili naye ana tabia hiyo ya kupanda usiku, na inawatesa wanaomhesabu. Ni kiumbe jamii ya kamba, sentimita 6 akikomaa, na hapatikani kwa kumfungia kifaa. Anahesabiwa kwa sona ya meli, yaani chombo kinachotuma sauti na kusikiliza mwangwi wake, hasa sauti ya kilohezi 38 na 120 zikilinganishwa, kwa sababu krili anarudisha mwangwi mkubwa kwenye 120 kuliko kwenye 38 na samaki wenye kibofu cha hewa hawafanyi hivyo. Sona iko kwenye kitako cha meli, kwa hiyo mita kama 15 au 20 za juu hazionekani vizuri. Krili akipanda usiku anaingia humo humo na kupotea kwenye hesabu. Tiba ni kupima mchana tu. Sona yenyewe inasahihishwa kwa kuning'iniza chini ya meli tufe la kabidi ya tangisteni lenye kipenyo cha milimita 38.1, ambalo mwangwi wake unajulikana. Bahari ikichafuka tufe linayumba nje ya miale na siku nzima inapotea. Atakayetaka kuhesabu sambaza wa Kivu kwa sona atakutana na matatizo yale yale, isipokuwa dhoruba.

Lipo jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko vifaa vyote: kifaa kinamfanya nini mnyama? Kwa miaka mingi pengwini walitambuliwa kwa pete ya chuma iliyofungwa kwenye bawa. Kwenye kisiwa cha Possession, katika visiwa vya Crozet, pengwini-mfalme 100 walifuatwa miaka 10. Wote walikuwa na chipu ndogo chini ya ngozi, isiyo na betri, inayosomwa na antena zilizofukiwa kwenye njia wanazopita. Nusu waliongezewa pete. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 na Claire Saraux na wenzake: wenye pete walipata watoto pungufu kwa asilimia 39, na uwezekano wao wa kuishi ulikuwa chini kwa asilimia 16. Pete inaongeza ukinzani wa maji kila bawa linapopiga. Ubaya wake zaidi ni kwamba wenye pete na wasio na pete hawakuitikia kwa namna moja mabadiliko ya joto la bahari, kwa hiyo tafiti za hali ya hewa zilizotegemea pete zilikuwa zinapima pete kwa sehemu. Naona ajabu kwamba ilichukua miongo yote hiyo kuuliza.

Kwa ndege wanaoruka watafiti wengi hawavuki asilimia 3 ya uzito wa mwili. Albatrosi mkubwa wa kilo 10 hapati shida na gramu 65, na huo ndio uzito wa vifaa vya Henri Weimerskirch na wenzake vilivyonusa rada za meli mwaka 2018 na 2019. Albatrosi 169 walizunguka Bahari ya Hindi ya kusini, na zaidi ya robo ya meli walizokutana nazo zilikuwa hazitangazi mahali zilipo.

Tangu 2023 utaratibu wote umebanwa na mafua ya ndege ya H5N1. Mwaka huo yaliua zaidi ya asilimia 95 ya watoto wa sili-tembo waliozaliwa Península Valdés, Ajentina. Oktoba yakafika Georgia ya Kusini, na mwishoni mwa 2024 Crozet na Kerguelen. Sasa anayebandika kifaa anavaa glavu, na maski kama mgeni wa ngagi Virunga, na buti zinasuguliwa kwa brashi kabla ya kuingizwa kwenye dawa. Kusugua kwanza si mapambo: matope na kinyesi vinaidhoofisha dawa kabla haijagusa kirusi, jambo ambalo Goma ilijifunza kwenye ndoo za klorini wakati wa Ebola ya 2019.

Data zenyewe hazijafungiwa Ulaya. Mradi wa MEOP umekusanya vipimo vya wima zaidi ya nusu milioni tangu 2004, na mwanafunzi wa Bukavu, Goma au Lubumbashi anazipakua bure. Ni faili za NetCDF (muundo wa kuhifadhia data za kisayansi), zinafunguka kwa programu za Python au R kwenye kompyuta ya kawaida. Pakua usiku intaneti ikiwa nafuu, na chukua sili mmoja mmoja badala ya furushi zima, ili umeme ukikatika usianze upya. Tumia safu zenye neno ADJUSTED, hizo ndizo zilizosahihishwa. Bakiza thamani zenye alama ya ubora 1 (nzuri) na tupa zenye 4 (mbaya). Mahali penyewe pia pakaguliwe: Argos hukadiria nafasi kwa mabadiliko ya mawimbi ya redio ya kifaa, na daraja lake la 3 lina kosa chini ya mita 250, wakati A na B zinaweza kukosea kilomita nyingi na kumweka sili juu ya mlima wa Kerguelen. Kokotoa kasi kati ya nukta mbili. Sili-tembo husafiri mita 1 hadi 2 kwa sekunde, basi nukta inayodai kasi ya mita 5 ifute kabla hujachora chochote.